Kutoka Unyanyembe hadi Connecticut: Hasheem Thabeet na Historia ya Mzigo

Katika mijadala yetu ya michezo kuna hukumu moja iliyorudiwa mara nyingi hadi imezoeleka kama methali: kwamba Hasheem Thabeet alipata nafasi ambayo hakuna Mtanzania mwingine aliyewahi kuipata, akaichezea. Hukumu hiyo hutolewa vijiweni, hutolewa na wachambuzi wa redio, na hata katika kumbi za mihadhara wanafunzi huitumia kama mfano wa kijana wa Kitanzania aliyeshindwa kushika bahati yake.

Sikusudii kumtetea Thabeet kwa sababu tu ni mwenzetu. Takwimu zake ziko wazi na kila mtu anaweza kuzisoma. Ninachokusudia ni kukihoji kipimo chenyewe. Nadai kwamba maisha ya kazi ya mchezaji huyu hayaeleweki vema kwa kukitazama kiwanja peke yake. Yanaeleweka zaidi kwa kuitazama barabara: mtu ametoka wapi, ameandaliwa na nani, amebeba nini, kwa mkataba wa namna gani, na faida imebaki mwisho upi wa safari. Katika historia yetu, barabara inayotufundisha maswali hayo kuliko zote ni ile ya misafara, iliyotoka Bagamoyo, ikapita Tabora, ikaishia Ujiji.

Barabara iliyozaa taaluma

Tabora haikuzaliwa na ukoloni. Kabla ya Wajerumani kujenga boma lao, Unyanyembe ilikwisha kuwa njia panda ya Afrika ya Mashariki. Njia moja ilishuka mashariki hadi pwani, nyingine ikaelekea Ziwa Tanganyika na Manyema, nyingine ikapanda kaskazini kwenda Karagwe na Buganda. Richard Burton na John Speke walipofika hapo Novemba 1857 walikuta mji wa wafanyabiashara, wenye tembe imara na masoko. Livingstone na Stanley walipumzika Kwihara mwaka 1872, baada ya kukutana Ujiji.

Vitabu vya shule vimewataja wageni hao kwa majina yao kamili. Waliobeba mizigo yao hutajwa kwa neno moja tu la jumla: wapagazi. Na kwa kuwa hawana majina, tumezoea kuwafikiria kama watu waliokokotwa, kana kwamba wote walikuwa watumwa. Utafiti wa kihistoria umeonyesha picha tofauti. Mwanahistoria Stephen Rockel, katika kitabu chake cha mwaka 2006 kuhusu kazi ya barabarani Afrika ya Mashariki katika karne ya 19, amewaeleza wapagazi wa Kinyamwezi kama wafanyakazi wa ujira wenye ujuzi, desturi na heshima ya kazi yao. Walipatana ujira kabla ya safari. Walidai posho. Walipodhulumiwa waligoma, wakaweka mizigo chini, au wakatoroka na kumwacha mwenye msafara akihangaika porini. Mzigo wa kawaida ulikuwa wa frasila mbili hivi, yaani kilo 32 au zaidi, na mpagazi aliubeba kwa miezi kadhaa, kupita Ugogo penye uhaba wa maji na hongo nzito za watawala. Kirangozi aliyeongoza msafara hakuwa mtu wa kuokotwa. Alichaguliwa kwa kuijua njia, kwa ulimi wake na kwa ujasiri wake. Na pembe kubwa za ndovu walipewa wapagazi wenye nguvu kuliko wenzao, nao walizibeba kwa fahari.

Makadirio ya wanahistoria ni kwamba katika miaka ya mwisho ya karne ya 19 watu wapatao laki moja walipita njia hiyo ya kati kila mwaka. Hiyo ni sekta nzima ya ajira, tena kubwa.

Kuna jambo moja katika maandishi ya Burton ambalo ningependa msomaji alishike, kwa maana tutalirudia. Burton aliona kwamba kwa Wanyamwezi kazi ya upagazi ilihesabiwa kuwa kipimo cha uanaume, na kwamba watoto wa miaka sita au saba walionekana wakibeba pembe ndogo mabegani. Kutokana na hayo akahitimisha kwamba walikuwa wapagazi kwa silika, akawafananisha na mbwa wa kuwinda wanaozaliwa na kipaji hicho. Aliona kweli, akahitimisha uongo. Mtoto anayebeba pembe ndogo akiwa na miaka saba, akaongezewa uzito mwaka hadi mwaka, akafuatana na baba na wajomba zake hadi pwani, akajifunza nyimbo za safari, vituo, visima na lugha za njiani, huyo hana silika. Huyo yuko shuleni. Burton aliliona darasa, lakini kwa kuwa halikuwa na ubao wala kengele, akaliita maumbile.

Pembe zilikwenda wapi

Sasa tuifuate ile pembe. Ilipofika Bagamoyo ilivushwa kwenda Unguja, na kutoka Unguja ikasafirishwa Bombay, London na Marekani. Wamarekani walikuwa na mkataba wa biashara na Seyyid Said tangu 1833, na konseli wao alianza kazi Unguja mwaka 1837. Waliuza kitambaa cha pamba kilichofumwa katika viwanda vya Massachusetts, ambacho watu wetu walikiita merikani, jina ambalo bibi zetu wengi bado wanalo. Merikani ilisafiri kwenda bara ikiwa imefungwa katika mitumba, nayo ikawa posho, hongo na ujira. Mpagazi wa Unyamwezi alilipwa kwa kitambaa cha New England ili abebe pembe iliyokwenda New England.

Huko pembe ilipokelewa zaidi katika jimbo moja dogo la Connecticut. Katika miji miwili ya bonde la mto wa jimbo hilo, Deep River na Ivoryton, kampuni za Pratt, Read na Comstock, Cheney zilipasua pembe kuwa vipande vyembamba, zikavianika katika vibanda vya vioo ili jua livifanye vyeupe, kisha zikavigeuza kuwa vibonyezo vya piano. Jina la mji wa Ivoryton lenyewe linatokana na pembe za ndovu. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, piano ilipokuwa alama ya nyumba ya watu wa tabaka la kati Marekani, sehemu kubwa ya pembe iliyoingia nchini humo ilipita katika miji hiyo miwili.

Kwa hiyo binti wa Boston aliyeketi kujifunza muziki aligusa kwa vidole vyake kitu kilichopita juu ya bega la mtu wa Unyanyembe. Yeye hakujua. Mpagazi naye hakujua. Waliojua walikuwa wale wa katikati, na wao ndio waliopanga bei. Hili ndilo somo la kwanza la barabara: ujuzi na jasho vinaweza kuwa vya kwetu, lakini bei hupangwa na yule anayeziona ncha zote mbili za njia.

Kijana wa Dar es Salaam katika jimbo hilo hilo

Hasheem Thabeet alizaliwa Dar es Salaam Februari 1987. Alianza kucheza mpira wa kikapu akiwa na umri wa miaka 15. Naomba msomaji asiipite haraka takwimu hiyo. Katika nchi zenye mila ya mchezo huu, miaka 15 ni umri wa kijana ambaye amekwisha kufundishwa kwa miaka minane au tisa jinsi ya kusimama, kugeuka, kupokea pasi na kusoma mwendo wa mpinzani. Thabeet alikuwa ndiyo kwanza anaushika mpira. Alichokuwa nacho ni kimo, ambacho hatimaye kilifika mita 2 na sentimita 21, na utayari wa kujifunza.

Kimo hicho kilimfungulia njia ya Marekani. Alipita katika shule zaidi ya moja kabla ya kutulia Houston, Texas, katika shule ya Cypress Community Christian. Mwaka 2006 akaingia Chuo Kikuu cha Connecticut, chini ya kocha Jim Calhoun. Ndiyo, Connecticut, jimbo lile lile lililopokea pembe za Unyanyembe. Simaanishi kwamba mwanafunzi ni bidhaa, wala kwamba chuo kilichomsomesha ni kiwanda cha kupasua pembe. Nasema tu kwamba kwa mara nyingine kitu cha thamani kilitoka kwetu kikiwa hakijachongwa, kikaenda kuchongwa huko.

Na alichongeka. Katika misimu mitatu alikuwa miongoni mwa walinzi wa kikapu bora kabisa katika michezo ya vyuo vikuu vya Marekani. Januari 2009, dhidi ya Providence, alifunga pointi 15, akadaka mipira 11 iliyorudi kutoka kikapuni na kuzuia mitupo 10 katika mchezo mmoja. Msimu huo alitajwa mchezaji bora wa ukanda wa Big East, akigawana tuzo hiyo na DeJuan Blair wa Pittsburgh, na kwa mwaka wa pili mfululizo akawa mlinzi bora wa ukanda huo. Timu yake ilifika nusu fainali ya ubingwa wa taifa wa vyuo, ikatolewa na Michigan State jijini Detroit.

Juni 2009 klabu ya Memphis Grizzlies ilimchagua akiwa wa pili katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA, ambao kwa desturi huitwa drafti. Aliyemtangulia alikuwa Blake Griffin. Aliyemfuata alikuwa James Harden. Stephen Curry alichaguliwa wa saba. Hivyo Thabeet akawa Mtanzania wa kwanza kuingia katika ligi hiyo.

Kilichofuata ndicho kinachosimuliwa kwa kejeli. Februari 2010, kabla msimu wake wa kwanza haujaisha, Memphis walimpeleka kwa muda katika timu ya Dakota Wizards ya ligi ndogo. Wakati huo hakuna mchezaji aliyechaguliwa juu kiasi chake aliyekuwa amewahi kushushwa huko. Februari 2011 alihamishiwa Houston Rockets. Machi 2012 akahamishiwa Portland Trail Blazers. Kisha akacheza misimu miwili Oklahoma City Thunder, hadi 2014. Kwa jumla ya misimu mitano, wastani wake ulikuwa pointi mbili na ushei kwa mchezo. Baada ya hapo alicheza katika ligi ndogo, akaenda Japani kuichezea Yokohama B-Corsairs, akarudi ligi ndogo ya Marekani na Fort Wayne Mad Ants, kisha Taiwan na Hsinchu JKO Lioneers.

Nani ameshindwa?

Tuitazame sasa hukumu. Wanaosema alishindwa humlinganisha na Harden na Curry. Ulinganisho huo unamtendea haki nani? Curry ni mtoto wa mchezaji wa NBA. Alikulia katika viwanja hivyo kama mtoto wa Kinyamwezi alivyokulia katika njia ya pwani. Pembe ndogo alianza kuibeba mapema. Thabeet aliukabidhiwa mzigo mkubwa kabisa wa msafara miaka saba tu baada ya kuona mpira kwa mara ya kwanza, mbele ya watu ambao kazi yao ilikuwa kuhesabu hatua zake.

Aidha, hakuchagua mwenyewe mahali pa kujengwa. Katika mfumo wa NBA, klabu humchagua mchezaji mpya, ujira wake wa miaka ya mwanzo hufuata viwango vilivyokwisha kupangwa, na mkataba wake unaweza kuhamishiwa klabu nyingine bila yeye kuulizwa. Ujira ni mkubwa, hilo halina ubishi, na hakuna mpagazi aliyewahi kuota mali kama ile. Lakini katika jambo moja mpagazi wa Unyanyembe alikuwa na uwezo zaidi. Aliweza kupatana na mwenye msafara kabla ya kuufunga mzigo, na kumkataa.

Watakaonijibu watasema: mbona Dikembe Mutombo? Naye alitoka Afrika, kutoka kwa jirani zetu wa Kongo. Naye aliufahamu mchezo kwa kuchelewa. Naye alikuwa mlinzi wa kikapu. Alichaguliwa wa nne mwaka 1991, akacheza misimu 18, akawa mlinzi bora wa ligi mara nne. Hoja hiyo ni nzito na naikubali. Inaonyesha kwamba kuchelewa si kifungo cha maisha, na kwamba juhudi ya mtu binafsi, afya yake na utulivu wa klabu anayoangukia vina uzito wake. Ila hoja hiyo ina tundu. Ukitaja Mutombo mmoja, hujaeleza ni vijana wangapi warefu wa Kinshasa, Dar es Salaam na Juba waliopita njia hiyo na kupotea kabla ya kufika hata nusu ya alikofika Thabeet. Msafara hauhesabiwi kwa kirangozi peke yake.

Somo kutoka Latvia

Mfano unaonishawishi zaidi hautoki Afrika. Unatoka katika nchi ndogo ya Ulaya, pwani ya bahari ya Baltiki, ambayo wanafunzi wengi hawawezi kuionyesha kwenye ramani. Latvia ina watu wasiofika milioni 2. Mkoa wa Tabora peke yake, kwa sensa ya 2022, una zaidi ya milioni 3. Hata hivyo Latvia ilikuwa bingwa wa kwanza wa Ulaya wa mpira wa kikapu, Geneva mwaka 1935. Mwaka 2023 ilishiriki Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza, ikamaliza ya tano.

Katika miaka ya 1950, Latvia ikiwa chini ya Umoja wa Kisovieti, kulikuwa na kijana mmoja mrefu kupita kiasi aliyefanya kazi za msituni. Jina lake Jānis Krūmiņš, kimo chake kama mita 2 na sentimita 18. Alianza mpira wa kikapu akiwa amekwisha kuvuka umri wa miaka 20. Kwa mantiki ya vijiwe vyetu alikuwa amechelewa mno. Lakini klabu ya ASK ya Riga ilikuwa na kocha, Alexander Gomelsky, aliyekuwa tayari kumfundisha mtu mzima hatua kwa hatua, ndani ya timu iliyokuwa nyumbani kwao, kwa lugha anayoielewa. Klabu hiyo ikatwaa ubingwa wa klabu za Ulaya mara tatu mfululizo, 1958, 1959 na 1960. Krūmiņš akashinda medali tatu za fedha za Olimpiki: Melbourne, Roma na Tokyo.

Tuje karibu zaidi. Kristaps Porziņģis alizaliwa katika mji wa Liepāja mwaka 1995. Kimo chake kinakaribiana sana na cha Thabeet. Alizaliwa katika familia ya wachezaji wa kikapu. Akiwa na umri wa miaka 15, umri ule ule ambao Thabeet alikuwa anaanza kuushika mpira, yeye alijiunga na klabu ya Sevilla nchini Hispania, na akiwa bado kijana alikwisha kucheza miongoni mwa watu wazima katika ligi kuu ya huko. Mwaka 2015 New York Knicks walimchagua wa nne. Baadhi ya mashabiki wa New York walimzomea usiku huo huo, kwa kuwa hawakumjua. Mwaka 2024 alikuwa miongoni mwa mabingwa wa NBA na Boston Celtics.

Vijana wawili, kimo kimoja, ndoto moja. Mmoja alifika sokoni akiwa na nchi nyuma yake: wazazi waliocheza, makocha, klabu, ligi, na kumbukumbu ya miaka themanini. Mwingine alifika akiwa na mwili wake na ujasiri wake. Tunapowalinganisha, tusiseme tunawapima watu wawili. Tunapima taifa lenye watu chini ya milioni 2 na taifa ambalo mwaka 2022 lilihesabu watu zaidi ya milioni 61. Na katika kipimo hicho aliyeshindwa si Thabeet.

Ujuzi usio na chombo cha kuulinda

Historia ya Tabora inatuonya kwamba ujuzi unaweza kufa hata baada ya kustawi kwa vizazi kadhaa. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Katika muda mfupi taaluma ya upagazi wa masafa marefu ilibaki bila kazi. Vita Kuu ya Kwanza ikaja, na watu wakabebeshwa mizigo ya majeshi kwa amri, si kwa mapatano. Baadaye watoto na wajukuu wa wapagazi waliingia katika mashamba ya mkonge wakiwa manamba, jina lililotokana na namba waliyopewa badala ya kutajwa majina yao. Mtu aliyekuwa akikaribishwa kwa nyimbo alipotoka pwani sasa aliitwa kwa tarakimu.

Kwa nini anguko hilo lilikuwa la haraka hivyo? Si kwa sababu ya reli peke yake. Reli hubadilisha kazi popote iendapo. Tatizo ni kwamba utawala wa kikoloni ulikiona kile alichokiona Burton: miili yenye nguvu. Haukuona ujuzi wa mapatano, uongozi, jiografia na lugha, kwa hiyo haukuona kitu cha kuendeleza. Ukiamini kwamba uwezo wa watu ni maumbile, hutajenga shule ya kuutunza. Utachota tu.

Hapo ndipo ninapoiona hatari yetu ya leo. Sisi wenyewe tumerithi jicho la Burton. Tukimwona kijana mrefu tunasema ana bahati. Tukimwona binti wa Sikonge anakimbia tunasema ana kipaji. Kisha tunangoja kipaji kijilee chenyewe hadi mgeni atakapokiona. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 tulifika hatua ya kuisimamisha michezo ya shule kwa miaka kadhaa, kana kwamba ni anasa inayokula muda wa masomo. Hicho ndicho kizazi cha Thabeet. Kijana wa miaka 15 wa mwaka 2002 ambaye hakuushika mpira mapema hakuwa mvivu. Darasa lake halikuwepo.

Yaliyo mikononi mwetu

Kwa watumishi wa umma wanaonisoma, hasa walio katika halmashauri, nina mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji mabilioni.

La kwanza ni kiwanja na mwalimu. Kiwanja cha kikapu ni sakafu ya saruji, nguzo mbili na pete mbili. Ni kati ya viwanja vya bei nafuu kuliko vyote. Lakini kiwanja bila mwalimu wa michezo aliyefunzwa, mwenye kipindi kwenye ratiba kisichonyang'anywa na somo la mtihani, ni mahali pa kuanikia mahindi. Tabora ina heshima ya pekee katika elimu ya nchi hii. Shule yake ya serikali iliyoanzishwa miaka ya 1920 ndiyo iliyomsomesha Julius Nyerere kati ya 1937 na 1942. Mji uliowahi kukusanya vijana wa pande zote za Tanganyika na kuwafundisha uongozi unaweza kukusanya vijana wa magharibi na kuwafundisha mchezo.

La pili ni mkataba. Vijana wetu wanaendelea kuchukuliwa wakiwa wadogo kwenda shule na akademia za nje, wakiongozwa na watu ambao wazazi hawajui wanalipwa na nani. Mpagazi wa mwaka 1870 alijua kuuliza: mzigo uzito gani, safari ya miezi mingapi, posho kiasi gani, nikiugua njiani itakuwaje? Mzazi wa leo ana haki ya kuuliza maswali hayo hayo na kujibiwa kwa maandishi, kwa Kiswahili. Maofisa michezo na maofisa ustawi wa jamii wakishirikiana, jambo hilo linawezekana kuanzia ngazi ya wilaya. Wanafunzi wa sheria nao, hiyo ni kazi ya kujitolea yenye maana kuliko makongamano mengi.

La tatu ni soko la karibu. Tangu 2021 ligi ya kikapu ya Afrika, BAL, inachezwa, na msimu wake wa kwanza ulifanyika Kigali, katika ukumbi uliofunguliwa mwaka 2019. Rwanda haikungoja kuwa na mchezaji wa NBA ndipo ijenge. Ilijenga, na sasa wachezaji wanakwenda kwake. Kutoka Tabora, Kigali ni karibu kuliko miji mingi ya bahari tunayoitazama. Njia ya Karagwe ni ya zamani kuliko mipaka yetu. Tukiwa na klabu imara za mikoani, kijana atakuwa na mahali pa kukomaa kabla ya kwenda mbali, na mahali pa kurudi.

Thabeet mwenyewe ametoa funzo ambalo wanaomkejeli hawajalisoma. Baada ya NBA kumfungia mlango hakuacha kazi. Alikwenda Japani, akarudi ligi ndogo, akaenda Taiwan akiwa na umri wa zaidi ya miaka 30, akaendelea kulinda kikapu kwa mshahara halali. Hiyo ndiyo tabia ya mtu wa taaluma: msafara mkubwa ukivunjika anatafuta mwingine, anafunga mzigo, anatembea. Babu zetu wa Unyanyembe wangemwelewa bila kuhitaji takwimu.

Basi mara nyingine mtakapolisikia swali la kwa nini Thabeet alishindwa, nawaomba mlijibu kwa swali jingine: alipoondoka, alikuwa amebeba nini kutoka kwetu? Na kijana atakayemfuata, ambaye huenda hivi sasa yupo darasa la tatu Urambo au Nzega, nani amempa pembe ndogo ya kuanzia?